Picha za skrini kwenye kitini: ziandae kwa ajili ya kopi ya kopi

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini picha za skrini zinapendeza kompyutani lakini kitini kikishatolewa fotokopi hazisomeki. Yalinikuta. Niliandaa kitini cha Excel kwa makarani wa vikundi vya kuweka na kukopa, nikachapa nakala moja hapa Mwanza, ikavuka na kivuko hadi Nansio, kisiwani Ukerewe, wakaidurufu huko. Nilipokwenda kufundisha, kila picha ilikuwa doa jeusi. Mama mmoja akaniuliza, "Mwalimu, hicho kitufe kiko wapi?" Nikakosa cha kumwonyesha. Iliniuma, maana alikuwa amefunga genge lake ili aje kujifunza.

Sababu ni hii: printa ya leza isiyo ya rangi ina wino mweusi tu. Kijivu inakitengeneza kwa vitone vidogo vidogo, na mashine ya fotokopi ikivipitia mara mbili, ama vinagandana kuwa weusi au vinapotea kabisa. Basi kabla ya kupiga picha, weka programu kwenye mandhari nyeupe. Mishale iwe myeusi, minene. Lile duara jekundu tunalopenda kuzungushia kitufe, likishatoka fotokopi ni mstari kama mistari mingine.

Ila kosa kubwa kuliko yote ni kubandika skrini nzima. Piga hesabu. Skrini ya kompyuta ndogo nyingi za zamani kidogo ina upana wa pikseli 1366, yaani vitone vinavyounda picha. Ukiibana iingie kwenye sentimita 16 za karatasi ya A4, herufi ya pointi 9 (kile kipimo cha ukubwa wa herufi kwenye Word) inashuka hadi pointi 4 hivi. Hiyo haisomeki hata kabla ya fotokopi. Ukikata kipande cha pikseli 600 tu, penye menyu unayoieleza, kwa upana ule ule herufi inabaki karibu na pointi 9. Kwa hiyo, kwenye Windows, bonyeza vitufe vya Alt na PrtSc kwa pamoja upate dirisha moja, kisha kata tena. Picha mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa.

Hifadhi picha kama faili la aina ya PNG. Aina ya JPEG huacha vumbi pembeni mwa herufi. Ukimtumia mtu kwa WhatsApp, tuma kama faili, la sivyo itabanwa. Na tafadhali, usiipige skrini picha kwa simu, yatatokea mawimbi ambayo fotokopi huyazidisha.

Word nayo hubana picha unapohifadhi. Kwenye mipangilio kuna mahali pa kuizuia.

Siku hizi, kabla ya kuidurufu kazi yote, napita steshenari na ukurasa mmoja. Namwomba kijana aweke mashine kwenye hali ya maandishi, anitolee kopi, halafu kopi ya hiyo kopi. Ile ya pili nampa mtu asiyeijua programu, anisomee jina la kitufe. Akisita, narudi kukata picha upya.