Maswali yenu kuhusu traili, mchezo wa pikipiki usio na haraka

Hivi karibuni niligusia hapa mchezo wa traili, ule wa kupanda mawe na kuvuka mito kwa pikipiki huku ukijitahidi usiweke mguu chini, nikasema hauna mbio. Tangu hapo maswali hayajakatika. Nimechagua yale yanayorudiwa zaidi, na pale ambapo wengi wameuliza jambo moja nimeyaunganisha.

Umesema hakuna mbio. Sasa mshindi anapatikanaje? (Msomaji, Dodoma)

Kwa kuhesabu makosa. Waandaaji hutafuta mahali pagumu: korongo lenye maji, mizizi kwenye mteremko, mawe yenye utelezi. Hufunga utepe pembeni, huweka alama nyekundu kulia na nyeupe au buluu kushoto, na hapo panaitwa kipande. Mara nyingi ni hatua chache tu kutoka mwanzo hadi mwisho. Unaingia ukiwa umesimama juu ya vikanyagio, kwa sababu pikipiki yenyewe haina kiti. Ukipita bila mguu kugusa ardhi unapata sifuri, na sifuri ndiyo anayoitafuta kila mtu. Mguu ukigusa mara moja ni pointi 1, mara mbili ni 2, mara tatu au zaidi ni 3. Ukianguka, ukitoka nje ya alama au ukishindwa kufika mwisho, ni 5. Jioni, mwenye jumla ndogo ndiye mshindi.

Angalia hiyo pointi 3. Hata ukikanyaga mara kumi, inabaki 3. Kwa hiyo mtu aliyeshavuruga mwanzo wa kipande hupiga miguu kama anayekimbia, almuradi atoke upande wa pili, maana 3 ni afadhali kuliko 5. Kujua lini ung'ang'anie usafi na lini ukubali hasara ndogo ni nusu ya ujuzi wote.

Nusu nyingine hufanyika kabla ya kuwasha injini. Wapandaji huegesha pikipiki na kukikagua kipande kwa miguu. Utamwona mmoja anasukuma jiwe kwa ncha ya buti kujua kama linacheza. Mwingine amechuchumaa kwenye kingo ya mto, anatazama mahali ambapo tairi za waliotangulia zimeacha maji juu ya mwamba, kwa sababu mwamba uliokuwa mkavu saa 3 asubuhi utakuwa umelowa saa 5. Watu watano wasiojuana husimama hapo wakionyeshana njia kwa vidole, na wote ni wapinzani wa siku hiyo. Hakuna anayemficha mwenzake.

Waamuzi wanalipwa nini? Na hawadanganyi? (Msomaji, Mombasa, wengine wameuliza hivyo hivyo)

Katika traili ya klabu, hawalipwi. Kwangu mimi hili ndilo swali kubwa kuliko yote, kwa hiyo nivumilieni.

Kila kipande kina mwamuzi wake. Nchini Uingereza, ambako mchezo huu ulizaliwa mwanzoni mwa karne ya 20, mwamuzi huyo ni mpandaji aliyeamua kupumzika Jumapili hiyo, au mke wa mpandaji, au mzee aliyeacha kupanda kwa sababu ya magoti. Anafika asubuhi na kiti cha kukunja, chupa ya chai na ubao wa kuandikia. Kalamu yake ni ya risasi, kwa kuwa wino haushiki kwenye karatasi iliyolowa. Ubao anaufunika kwa mfuko wa plastiki na mkono wake unaandika ndani ya mfuko. Mpandaji akitoka kwenye kipande, mwamuzi anainua mkono: ngumi ni sifuri, kidole kimoja ni 1, na kiganja chote ni 5.

Hakuna kamera. Kuna macho yake tu, na kila mpandaji anajua kwamba macho hukosea. Hata hivyo desturi ni kwamba hubishani. Unatazama mkono, unatikisa kichwa kumshukuru, unakwenda. Nimesikia vijana wakifundishwa kusema asante kwa mwamuzi kabla hawajafundishwa kutumia klachi, na naona mafundisho hayo yako kwenye mpangilio sahihi. Mtu aliyesimama kwenye mvua kwa saa sita ili wewe ucheze hadaiwi ufafanuzi.

Klabu nyingi hutarajia kila mwanachama, au mtu wa nyumbani kwake, asimamie kipande walau mara moja kwa msimu. Waamuzi wakikosekana, traili inafutwa, hata kama wapandaji wamejaa. Ndiyo maana nawaambia wanaotaka kuanzisha klabu kwao: msianze kwa kutafuta pikipiki, anzeni kwa kutafuta watu watakaokubali kusimama.

Kuhusu udanganyifu, ambao ungeweza kutokea kirahisi, kinachouzuia ni kwamba mpandaji wa leo ndiye mwamuzi wa wiki ijayo. Wote wanajuana, na jina likichafuka halisafishiki kwa kombe.

Mimi ni bodaboda, nina Boxer. Naweza kuanza nayo? (Msomaji, Moshi)

Kaka, mchezo wenyewe ulianza na pikipiki za kawaida za barabarani, kwa hiyo swali lako halina aibu yoyote. Lakini ujue tofauti. Pikipiki ya traili ya leo ina uzito wa kilo 70 hivi, yako inazidi 110. Gia zake ni nzito kiasi kwamba inaweza kwenda mwendo wa mtu anayetembea bila kuzima. Tairi zake huwekwa upepo wa karibu 4 nyuma na 6 mbele, kwa kipimo kile kile ambacho tairi zako hujazwa 30, ili mpira ujikunje na kulishika jiwe. Ukitoa upepo hivyo kwenye Boxer yenye tyubu, utang'oa vali na kupinda rimu siku ya kwanza.

Mawe achana nayo. Tafuta uwanja mtupu, panga chupa sita, uzipite kwa kuzunguka umbo la nane ukiwa umesimama, kidole kimoja kwenye klachi, mguu ukigusa breki ya nyuma kidogo kidogo bila kuiachia kabisa. Geuza kichwa kule unakotaka kwenda mapema kuliko unavyodhani inafaa. Injini yako inapozwa kwa hewa, kwa hiyo kila baada ya dakika chache ipumzishe. Vaa helmeti hata kama unakwenda taratibu. Ukiweza kupita chupa zote bila kuweka mguu, siku ya matope abiria wako atakushukuru, kwa sababu unayemfanyia mazoezi hapo ni yeye pia.

Kwa nini kila anayezungumzia traili anaitaja Scotland? (Msomaji, Nairobi)

Kwa sababu ya mashindano ya siku sita yanayofanyika kila Mei katika mji wa Fort William, chini ya mlima Ben Nevis. Yalianza mwaka 1909 yakiwa ya siku tano, na 1911 yakawa sita. Yanaandaliwa na klabu ya wapenzi wa pikipiki ya Edinburgh, na wapandaji wanakaribia 280. Wanaoomba ni wengi kuliko nafasi, kwa hiyo hupigwa kura.

Kila siku kuna vipande kama 30, na kati ya kimoja na kingine unavuka nyika yenye tope, barabara za wafugaji na vijito vya maji ya baridi kali. Jioni unaikabidhi pikipiki kwenye uwanja uliofungwa, na huruhusiwi kuigusa mpaka asubuhi. Kilichovunjika utakishughulikia kwa muda mfupi na vifaa ulivyobeba. Kipande maarufu kuliko vyote kipo Kinlochleven, njia ya mawe inayopanda sambamba na mabomba makubwa yanayoshusha maji ya kuzalisha umeme. Watazamaji hujipanga ukingoni juu ya mabomba hayo, na mtu akipita safi shangwe husikika bondeni.

Uzuri wa Scotland ni huu: bingwa wa dunia na fundi bomba aliyechukua likizo wanapita vipande vile vile, siku ile ile, na wanasubiri kwenye foleni moja. Wengi wa hao 280 hawana ndoto ya kushinda. Wanataka kumaliza Jumamosi wakiwa bado juu ya pikipiki. Sijui mchezo mwingine wa magurudumu ambao mtu wa kawaida anapewa heshima hiyo.

Tena yote hayo hupita kwenye ardhi ya watu. Bila ruhusa ya wenye mashamba hakuna traili. Geti ulilolikuta limefungwa unalifunga, kondoo unawapisha, taka unarudi nazo.

Mbona Wahispania ndio wanaoshinda siku hizi? (Msomaji, Barcelona)

Jibu lipo karibu na mlango wako. Mpaka miaka ya 1960 traili ilikuwa ya pikipiki nzito za Kiingereza. Sammy Miller, mzaliwa wa Belfast, alishinda karibu kila kitu akiwa na Ariel, pikipiki ya Kiingereza ya cc 500 aliyoipunguza uzito mwenyewe kwa miaka. Mwishoni mwa 1964 alihamia Bultaco, kiwanda cha Francesc Bultó kilichokuwa huko kwenu, wakaunda pamoja Sherpa, nyepesi na yenye injini ndogo. Mwaka 1965 alishinda nayo Scotland. Baada ya hapo Bultaco, Montesa na OSSA, zote za Catalonia, zilitengeneza pikipiki ambazo dunia nzima ilizitaka.

Watoto wa huko wakakua wakiziona. Baiskeli za traili pia zilianzia Catalonia miaka ya 1970, na ndiko Jordi Tarrés, bingwa wa dunia mara 7, na Toni Bou walikojifunza usawa kabla ya kushika injini. Bou alitwaa taji lake la kwanza la dunia 2007, na akijumlisha ya nje na ya ukumbini amepita mataji 30. Waingereza nao wana ukoo wa Lampkin kutoka Yorkshire: Martin ndiye bingwa wa kwanza wa dunia, 1975, na mwanawe Dougie akatwaa mataji 7 mfululizo kuanzia 1997. Mwaka 2016 Dougie alizunguka barabara yote ya mashindano ya pikipiki ya kisiwa cha Isle of Man, kilomita 60, akiwa kwenye gurudumu la nyuma peke yake.

Na wanawake? (Msomaji, Zanzibar)

Wapo tangu zamani, dada. Mwaka 1927 Marjorie Cottle na wenzake wawili waliiletea Uingereza kombe la fedha katika mashindano ya kimataifa ya siku sita, si yale ya Scotland. Ubingwa wa dunia wa wanawake ulianza mwaka 2000, na Laia Sanz wa Catalonia ameutwaa mara 13. Traili haihitaji misuli mikubwa. Inahitaji usawa na subira, na kwenye klabu utakuta baba na binti wakipita kipande kimoja wakati binti ndiye mwenye pointi chache.

Tunaishi Leeds, mwanangu ana miaka 6 na ameomba pikipiki. Naogopa. (Mama)

Pole na hongera, mama. Katika michezo yote ya pikipiki huu ndio ningemchagulia mtoto, kwa sababu mwendo ni mdogo na hakuna anayekimbizana naye. Haimaanishi hataanguka. Ataanguka sana, mara nyingi akiwa karibu kusimama. Helmeti, buti na glavu ni lazima, na uhakikishe kamba ya swichi ya kuzimia injini imefungwa mkononi mwake, ili akidondoka pikipiki izime. Siku hizi zipo ndogo za umeme zinazofaa umri wake, hazina kelele wala eksozi ya kumuunguza, na unaweza kuipunguza nguvu mwenyewe.

Usinunue bado. Huko kwenu Yorkshire kuna klabu za watoto. Nendeni Jumapili moja mtazame, mkiwa na mabuti ya mvua. Msisimame ndani ya utepe, wala kwenye njia ya kutokea kipande. Mtafute msimamizi wa watoto, umuulize kama kuna pikipiki ya kujaribu. Na ukiombwa umsaidie mwamuzi kushika ubao wakati anakunywa chai, kubali, utajua sheria zote kabla ya saa sita mchana.