Kuzikwa au kuchomwa? Mwulizeni mgonjwa angali anaongea

Daktari akishasema zimebaki dawa za kutuliza maumivu tu, watu wa nyumbani huanza kunong'ona jikoni. Atapelekwa wapi, gari litatoka wapi, nani amwambie kaka mkubwa. Mgonjwa mwenyewe haulizwi, eti ni kumchuria. Mimi nasema aulizwe, tena mapema. Nimeshughulikia mazishi ya watu wangu wawili waliougua kwa muda mrefu, baba mkwe wa Likoni na shangazi yangu Mtaita aliyeishi Mikindani, wote hapa Mombasa, Kenya, na nitasema niliyoyaona.

Kwa baba mkwe hapakuwa na mjadala. Mwislamu hachomwi. Sukari ilikuwa imemmaliza figo, akakata roho wodini alfajiri, na baada ya swala ya Alasiri tulikuwa tunarudi kutoka makaburini. Sanda, kafuri, ubani, basi. Jeneza ni la msikiti: maiti akishalazwa mwanandani, yaani kile kishimo cha ndani ya kaburi, lenyewe linarudishwa likamngoje mwingine. Kinachoweza kuwakwamisha ni karatasi. Aliyefia hospitali, hospitali ndiyo inayoshughulikia kibali cha mazishi. Aliyefia nyumbani kwa maradhi yanayojulikana, nendeni kwa naibu chifu na kitambulisho chake pamoja na karatasi za matibabu. Kitambulisho cha mzee kilikuwa chini ya godoro, na aliyejua ni mjukuu wa darasa la tano peke yake. Hakikisheni chenu wanajua kiliko watu zaidi ya mmoja.

Shangazi ndiye aliyetupa kazi. Mwalimu mstaafu, saratani ya matiti, akasema bila kupepesa macho kwamba anataka kuchomwa. Nyumbani kwao Wundanyi, Utaitani, kukawaka. Baba mdogo akafoka kwamba hiyo si mila ya Wataita. Shangazi akamjibu kutoka kitandani: babu zetu walikuwa wakiwafukua wafu wao, wakachukua fuvu na kuliweka pangoni pamoja na mafuvu ya ukoo, sasa hili jeneza la vanishi na vishikio vya dhahabu bandia mmelitoa katika mila ipi? Baba mdogo alinuna, lakini hakuwa na jibu. Na shangazi alikuwa na mfano wake, Profesa Wangari Maathai, yule mtetezi wa misitu, aliyefariki kwa saratani mwaka 2011. Hakutaka jeneza la mbao, akatengenezewa la magugu maji, mianzi na mafunjo, akachomwa Kariokor, Nairobi.

Sasa, msidhani kuandika kwenye karatasi kunamaliza kazi. Mahakama zetu huyazingatia matakwa ya marehemu, lakini hayazifungi. Wakili S.M. Otieno alifariki Desemba 1986, mjane wake akataka kumzika Ngong, ukoo ukakataa, na kesi ikamweka mochari hadi Mei 1987 alipozikwa Nyalgunga, Siaya. Kilichomsaidia shangazi ni kwamba aliwaita ndugu zake wote wakati bado anaweza kuketi, mchungaji akiwepo, akawaambia mwenyewe, kisha akamtaja mwanawe mmoja kuwa ndiye msemaji. Ni vigumu kumpinga mtu uliyemsikia kwa masikio yako.

Mkatoliki ajue kwamba Kanisa lake liliruhusu kuchoma tangu 1963, ila waraka wa Vatikani wa 2016 unakataza majivu kumwagwa, kugawanywa au kuwekwa sebuleni. Yanatakiwa yahifadhiwe mahali patakatifu, kama makaburini au kanisani.

Hapa Mombasa mahali pa kuchomea maiti ni pa jamii ya Wahindu, na sisi walitupokea vizuri. Ulizeni mapema kama ni kuni au tanuri, maana saa na gharama hutofautiana, na kama jeneza linaingia au linabaki nje. Pete na cheni zivuliwe mochari, si mlangoni pa tanuri mbele ya waombolezaji. Yule kijana wa mochari alituuliza, "Mama ana betri ya moyo?" Tukatazamana. Kumbe kile kifaa cha kusukuma mapigo ya moyo hulipuka kwenye moto, kwa hiyo lazima kitolewe kwanza. Lililo zito zaidi: maiti akishachomwa hakuna kurudi nyuma. Kama kuna anayetilia shaka sababu ya kifo, au bima inasubiri ripoti ya daktari, msichome mpaka jambo hilo liishe. Aliyezikwa anaweza kufukuliwa kwa amri ya mahakama.

Majivu ya mtu mzima huwa kama kilo mbili hadi tatu. Sikutarajia yawe mazito vile, wala yawe na chembechembe ngumu, kama mchanga wa ufuoni wenye vipande vya makombe. Amueni kabla yatakaa wapi na kwa nani, la sivyo ugomvi wa kaburi mnauhamishia kwenye kopo.

Wapo wanaosema aliyekufa kwa ugonjwa wa kuambukiza ni lazima achomwe. Si kweli. Wakati wa korona mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hiyo ni imani potofu, na nchini Kenya waliokufa kwa korona walizikwa. Kwa kipindupindu au Ebola, fuateni maafisa wa afya kuhusu nani aoshe na vipi, lakini kaburi bado lipo.

Kuhusu pesa nitasema moja. Mochari huhesabu kila siku, na safari ya Mombasa hadi Kisumu inapita kilomita mia nane. Kumweka mtu wiki tatu kwenye friji ili binamu afike kutoka ng'ambo na mchango uongezeke, mimi sioni heshima iliyomo. Na hospitali ikiwazuia na maiti kwa sababu ya bili, tafuteni wakili. Mahakama zimesema zaidi ya mara moja kwamba maiti si rehani.

Kibali cha mazishi kipigeni kopi mbili tatu kabla hakijakabidhiwa kwa anayezika au anayechoma. Mtakihitaji mnapoomba cheti cha kifo, na cheti hicho benki, NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na ofisi ya ardhi kila mmoja atataka kukiona.