Mionzi, mionzi, kila kitu mionzi!

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasikia kuna kipimo cha saratani kinachotumia mwanga na sauti kwa pamoja. Je, naweza kukiita "mionzi ya sauti"? Msomaji, Uyole, Mbeya.

JIBU: Marahaba. Huwezi. Na kwa kuwa umenichokoza, leo tutamalizana na neno hili.

Juzi, foleni ya kliniki moja hapa mjini, mama mjamzito akamwambia mwenzake, "Mie nimeshapigwa mionzi ya tumbo." Uvumilivu ukanishinda. Mama, walikupaka jeli ya baridi? "Walinipaka." Wakakutelezeshea kidude tumboni? "Eeh." Basi hiyo ni utrasaundi, mawimbi ya sauti, haina mionzi hata chembe! Akaniangalia kwa huruma, kisha akanionyesha kibao cha mlangoni: CHUMBA CHA MIONZI. Nikanywea.

Hospitalini mionzi ni ya eksirei, ya CT (eksirei inayopiga mwili vipande vipande) na ile inayochoma saratani. Mwanafizikia atanirukia: hata mwanga ni mionzi! Sawa, mzee, na mionzi ya jua tunaijua. Lakini hakuna mtu wa Uyole aliyeanika mahindi akarudi ndani akisema kapigwa mionzi.

Tuje kwenye kipimo chako. Humulika mwili kwa leza, mapigo mafupi mno. Damu huufyonza mwanga, hupata joto dogo sana, hutanuka ghafla na kutoa mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii. Kifaa kilicho juu ya ngozi huyanasa, kompyuta ikachora picha. Uvimbe wa saratani hupenda kujiotesha mishipa ya damu, ndipo unapojiumbua. Msingi wake aliugundua Alexander Graham Bell mwaka 1880, ingawa watu wa Tukuyu wanaujua kwa njia ya radi: umeme hupasha hewa, hewa hutanuka, ngurumo ikafuata.

Kwa hiyo sema "picha za mwangasauti". Mwanga utangulie, maana ndio unaoingia. Sauti ndiyo inayotoka. Wataalamu wakitaka "fotoakustika", waacheni, wamesomea. Na kama ni saratani au kansa, chagua upendavyo: la kwanza tumelitoa kwa Waarabu, la pili kwa Wazungu, na kote huko asili yake ni kaa yule yule wa pwani.

Kuhusu kile kibao, niliwaandikia barua. Bado kipo.