Jirani yangu halali usingizi

SWALI: Shangazi, jirani yangu, mama wa Kigujarati, tangu wanawe wahamie Leicester, Uingereza, hali chakula, halali usingizi, analalamika kifua. Daktari amempima moyo, hakuona kitu. Nikimtajia mshauri nasaha, asema ataitwa mwendawazimu.
Msomaji, Shella, Malindi

JIBU: Mwanangu, kifua hicho kinamuuma kweli. Wazee wengi wa Kihindi, kama wetu, huzuni huisema kwa mwili: moyo kwenda mbio, kichwa kizito, usingizi kuruka. Achana na neno wazimu. Mwambie, “Twende tukaulize habari ya usingizi.” Tafuteni mshauri anayejua Kigujarati. Mkimkosa, usimfanye binti yake mkalimani kwenye simu kabla ya kumuuliza mama. Yapo asiyotaka mwanawe ayasikie. Akisema amechoka kuishi, usingoje kesho: mpeleke hospitali, wala usimwache peke yake.