Kabla ya kupanda Fluorspar, shuka kwanza ukalijue bonde

Juma lililopita nilipata ujumbe kutoka kwa kijana wa Kwale anayetaka kuja Iten, mji wa wanariadha huku kwetu karibu na Eldoret. "Shikamoo dada. Nimedunduiza pesa za kuja Iten wiki mbili. Nafika Jumatatu, Alhamisi nataka kupanda Fluorspar. Nielekeze njia." Niliusoma mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi, maana ni nadra mtu wa kwetu pwani kuniuliza habari za kukimbia. Mara ya tatu nikajikuta nimejishika ubavu wa kushoto, pale pale paliponibana mwaka 2021.

Kwa hivyo namjibu hapa, na nyinyi wengine mliowahi kuniuliza msome pia, kwa sababu najua sote tunakitaka kitu kimoja: kufika Nyaru, kule juu Fluorspar inapoishia, kwa miguu yetu.

Wanariadha wa huku wakisema Fluorspar hawasemi mgodi wa jina hilo, ambao ulifungwa miaka ya nyuma. Wanasema ile lami ya takriban kilomita 21 inayotoka Kimwarer, chini kabisa katika Bonde la Kerio, ikapanda ukingo wa Elgeyo hadi Nyaru, kwenye barabara ya Eldoret na Ravine. Ni zaidi ya mita elfu moja kwenda juu. Hakuna mteremko wa kupumulia.

Mimi nimezaliwa Likoni. Utotoni, kilima nilichokijua ni ule mteremko wa kuingia feri. Nilihamia Eldoret kikazi mwaka 2019, nikaanza kukimbia mwaka uliofuata, na kufikia Septemba 2021 nilijiona nimeiva. Nikajiunga na kundi moja. Tukaondoka mjini usiku wa manane kwa matatu, na saa kumi na mbili kasorobo tulikuwa Kimwarer tukifunga kamba za viatu.

Mwanzo ulinidanganya. Chini kule hewa ni nzito, na mwili uliozoea Eldoret unajiona umepewa pafu la tatu. Nikawafuata walio mbele. Nilichokuwa sikijui ni kwamba kila kona unayoipanda inakupunguzia hewa kidogo, saa ile ile miguu nayo inaanza kulegea. Tena ukingo wa Elgeyo umetazama mashariki. Jua likishavuka vilima vya Tugen linaupiga wote kwa pamoja, na wewe unapanda ukiwa umelipa mgongo. Kufikia saa moja na nusu mtandio wangu ulikuwa umelowa kama nimetoka kuogelea. Kilomita ya tisa nilisimama kando ya barabara nikatapika mursik yote, yale maziwa ya kuganda ya Wakalenjin, niliyokunywa alfajiri. Nilipewa kwa upendo, na sikujua kukataa.

Pikapu iliyobeba maji ikanichukua. Nilipofikishwa juu, yule aliyekuwa akiongoza kundi aliniangalia mbele ya wote akasema, "Samaki hapandi mlima." Watu wakacheka. Nami nikacheka nao, kisha nikalia njia nzima kutoka Nyaru hadi mjini, nimegeuzia uso dirishani. Kusema kweli neno lile bado linaniuma. Nimeshamsamehe, ila sijalisahau.

Sikurudi Fluorspar kwa zaidi ya miaka miwili, na hilo ndilo jambo la maana nililofanya. Nilianza upya msituni Kaptagat.

Ukitoka Eldoret kuelekea Ravine, mashamba ya mahindi yanaisha na misanduku na misonobari inaanza, na katikati yake njia nyekundu zinaingia ndani. Asubuhi ukungu umelala chini ya miti na udongo una harufu ya majani yaliyooza. Kiangazi njia ni laini, inapokea mguu vizuri kuliko lami. Masika ule udongo mwekundu unakamata soli, na kila hatua kiatu kinaongezeka uzito mpaka unalazimika kusimama ukikwangue kwa kijiti. Siku kama hizo usitazame saa ya mkononi. Kimbia kwa pumzi: ukishindwa kusema sentensi nzima, punguza.

Hapo ndipo Eliud Kipchoge alipojenga miguu iliyokwenda kilomita 42 kwa 1:59:40 mjini Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019. Nimewahi kukutana na makundi ya wanariadha wakubwa kwenye njia zile zile, na kilichonishangaza ni jinsi wanavyoanza. Taratibu mno. Siku za mazoezi mepesi, kilomita mbili za kwanza hata mimi naweza kwenda nao, tena wakipiga soga za ng'ombe na mvua. Ndipo nilipotambua kuwa mwaka 2021 nilianza Fluorspar kwa kasi ambayo hata wao wasingeianza.

Msitu ukikukubali, nenda Iten. Mji uko mita 2,400 hivi juu ya bahari, maana yake kila pumzi unapata karibu robo tatu tu ya oksijeni ya Mombasa. Damu huchukua wiki kadhaa kujirekebisha, si siku tatu, kijana wangu wa Kwale. Siku tatu zinakutosha kuumwa kichwa. Zunguka njia za vumbi za upande wa msitu wa Singore, polepole. Alhamisi kuna fatleki maarufu, mazoezi ya kukimbia kwa kasi na taratibu kwa zamu, inayokusanya mamia ya watu. Nenda ukaitazame, ukitaka kaa nyuma kabisa, lakini usijipime na mtu. Pale mtu usiyemjua jina anaweza kuwa ameshashinda mbio Ulaya.

Kisha shuka bondeni, na ushuke bila kukimbia. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, na ndilo watu hawalifanyi. Panda matatu ya kupitia Tambach, teremka karibu na mto, ukae hata siku mbili. Bonde la Kerio si mandhari ya kupigia picha kutoka Iten. Ni nyumbani kwa watu, lina joto lake, migunga yake, maembe na asali yake, na mto unaokwenda kaskazini mpaka Ziwa Turkana. Pale Chebloch mto umeukata mwamba ukawa mwembamba na wenye kina, vijana wanajirusha kutoka juu. Nilikaa pale mchana mzima nikielewa kwa nini mwili wangu ulishindwa: haukuwahi kulijua joto hili ukiwa umetulia. Chini huku pia kuna malaria, basi lala ndani ya chandarua. Upande wa hifadhi ya Rimoi kuna ndovu, usikimbie gizani. Na sehemu za kaskazini mwa bonde zimeteseka sana na wizi wa mifugo, kwa hiyo usijiendee tu, waulize wenyeji. Amkia watu. "Chamgei" moja inafungua njia ambayo ramani ya simu haina.

Asubuhi moja nilikuwa natembea kwenye njia ya mbuzi, mvulana wa miaka kumi hivi akanifuata, amevaa akala, fimbo mabegani. Akaniuliza mbona natembea na nimevaa viatu vya kukimbilia. Nikamwambia najifunza. Akafikiri, akasema, "Basi tembea nyuma yangu." Akawa anapanda kwa hatua fupi fupi, kisigino hakigusi jiwe, pumzi puani. Somo la kupanda mlima nililipata kwake, na sikulipa hata shilingi.

Mwezi uliopita nilirudi Kimwarer. Sikunywa mursik, nilikula ndizi mbili na chai ya rangi. Nikaanza taratibu hadi mama mmoja aliyekuwa anafagia uwanja akaniuliza kama naumwa. Hatua fupi, pumzi puani. Kona niliyotapika nikaipita nikisema Bismillahi. Juu karibu na Nyaru baridi ikanipokea, nikanusa misanduku, nikajua nimerudi msituni kwangu. Nilitumia saa mbili na dakika kumi na nne. Mabingwa hupanda kwa muda mfupi zaidi kwa mbali, lakini miguu ile ilikuwa yangu.

Ndugu zangu, tuache kiburi cha kuja kwenye ardhi ya watu tukitaka kuishinda. Kelvin Kiptum, aliyekimbia marathoni kwa saa 2:00:35 kule Chicago mwaka 2023, alikulia jirani tu na hapa, upande wa Chepkorio, na alianza kwa kuwafuata wanariadha akiwa mtoto mchungaji. Alizijua njia hizi kabla hazijampa chochote. Wewe wa wiki mbili unataka nini siku ya tatu? Anza taratibu. Narudia, anza taratibu.

Sasa wewe wa Kwale. Fanya Kaptagat wiki ya kwanza, Iten kidogo, kisha bondeni siku mbili. Jumamosi ya mwisho kabla hujapanda basi la kurudi, nitakuwa Kimwarer saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, na maji ya watu wawili na ndizi. Hatutapanda yote. Tutapanda kilomita tisa, hadi ile kona, halafu tutasimama tunywe maji.