Uliza Fundi wa Tovuti: Nihame kwenye themu ya zamani, au nibaki?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi nauza dagaa wa jumla hapa Mwaloni, Kirumba. Mwaka 2017 kijana mmoja alinitengenezea tovuti ya WordPress, ile programu ya kuundia tovuti, na sina ubaya naye, maana wateja wa Burundi na Kongo wananipata humo. Tabu yangu ni ile sehemu ya juu inayotokea kila ukurasa. Ndipo palipoandikwa namba ya simu na bei ya gunia. Unajua mambo yetu: siku za mbalamwezi dagaa wanaadimika, bei inapanda; giza likirudi inashuka. Kila ikibadilika lazima nimtafute kijana, na sasa amehamia Dodoma. Halafu kuna siku alinibadilishia namba ya simu, ikakaa vizuri, lakini tulipobonyeza kusasisha themu, ile inayoipa tovuti sura yake, namba ya zamani ikarudi. Juzi fundi mwingine kaniambia themu yangu ni ya kizamani na inafungwa, kwa hiyo nivunje yote nihamie kwenye themu za bloku. Bei aliyoitaja imeninyima usingizi. Nifanyeje?
*Mama wa dagaa, Kirumba*

JIBU: Shikamoo mama. Kwanza lala usingizi wako. Hakuna anayeifunga themu yako. Themu za mtindo wa zamani zinaendelea kufanya kazi kwenye WordPress ya leo, na ghala lao rasmi bado linazipokea. Kilichobadilika ni kwamba wenye WordPress wenyewe hawatoi tena themu zao za msingi kwa mtindo huo. Ya mwisho ilikuwa Twenty Twenty-One, iliyotoka Desemba 2020. Atakayekuambia ulipe leo kwa sababu kesho inafungwa, muombe akuonyeshe palipoandikwa hivyo.

Sasa nikueleze kwa nini namba ya zamani ilirudi, kwa sababu hapo ndipo penye jibu la swali lako lote. Themu ya zamani ni rundo la mafaili ya PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti. Faili moja, header.php, ndilo linalotoa sehemu ya juu ya kila ukurasa, footer.php linatoa ya chini, single.php linapanga makala moja moja, functions.php lina kazi za ndani. Kijana wako aliandika namba ya simu ndani ya header.php. Themu iliposasishwa, mafaili yote yalifutwa yakaletwa mapya kutoka kwa mtengenezaji, ambaye namba yako haijui. Ipo njia ya kukinga hilo: unatengeneza themu-mtoto inayorithi ile kubwa, na marekebisho yako yanakaa kwa mtoto. Hakuifanya. Kwa hiyo bango lako, mama, limechorwa kwa rangi ukutani, na kila bei ikibadilika lazima mchoraji aje na ndoo yake.

Mpangilio huu ulianza na toleo la 1.5, mwaka 2005. Baadaye mwenye tovuti aliongezewa ruhusa kidogo kidogo: wijeti za pembeni (visanduku vidogo vya kuwekea vitu), menyu za kupanga mwenyewe mwaka 2010, na mwaka 2012 ile sehemu ya Customizer ya kubadilisha rangi na picha ya juu. Lakini kila themu ilikuwa na vitufe vyake. Mtengenezaji asipokuwekea kitufe cha bei ya dagaa, huna.

Desemba 2018, toleo la 5.0 likaja na bloku, yaani vipande vya kujengea ukurasa. Aya ni bloku, picha ni bloku, jedwali ni bloku. Unazipanga, unazihamisha, unaona matokeo hapo hapo. Ila zilikuwa ndani ya makala tu, huku juu na chini ya ukurasa pakibaki kwa fundi. Januari 2022, toleo la 5.9 ndilo lililovunja ukuta huo. Bloku zikashika ukurasa mzima, pamoja na sehemu ya juu, ya chini, menyu na nembo, na Twenty Twenty-Two ikawa themu ya kwanza ya msingi iliyojengwa hivyo. Kwenye themu ya namna hii, ukiingia menyu ya kushoto palipoandikwa Appearance, kisha Editor, unaona tovuti yako yote. Unagusa namba ya simu, unaandika mpya, unahifadhi. Na ulichobadilisha kinatunzwa kwenye hifadhidata, hakiandikwi ndani ya mafaili ya themu, kwa hiyo themu ikisasishwa namba yako inabaki.

Nasimama hapa kidogo, kwa sababu jambo hili naliamini kwa moyo wote. Mwenye biashara anayelazimika kumpigia fundi kila bei ikibadilika hana tovuti, amepanga tu kwenye tovuti ya fundi wake. Wanakuja kwangu Nyegezi wenye maduka ya vipuri, wenye nyumba za wageni, wauza samaki kama wewe, na wengi hawana hata nenosiri la kuingilia kwao wenyewe. Kabla ya kufikiria themu yoyote, mpigie kijana wa Dodoma umuombe nenosiri la msimamizi, la hostingi (pale tovuti inapohifadhiwa), na la mahali jina la tovuti liliposajiliwa. Hayo ni mali yako, hata kama mnapatana.

Uhame au ubaki? Tazama ni kitu gani unakibadilisha mara nyingi, na kinakaa wapi. Ungekuwa unaandika makala tu, ningekuambia ubaki ulipo, bloku za makala unazo tayari. Kwako wewe kinachobadilika kiko juu ya kila ukurasa, na ndiyo maana nakushauri uhame. Lakini kwanza jaribu njia mbili za bei nafuu. Tangu Julai 2021, toleo la 5.8, hata wijeti za themu za zamani zinapokea bloku. Kama themu yako ina nafasi ya wijeti karibu na juu, bei iwekwe pale, na kazi imekwisha. La pili, tangu toleo la 6.1 themu ya zamani inaweza kupokea kipande kimoja cha bloku, tuseme sehemu ya juu peke yake, na mengine yakabaki yalivyo. Fundi mwenye kujua kazi yake hatumii muda mrefu hapo. Muulize huyo aliyekutajia bei kubwa kwa nini hakukutajia hizi.

Ukiamua kuhama kabisa, ujue kinachokwenda nawe na kinachobaki nyuma. Makala, kurasa, picha na maoni ya wateja vinakwenda. Menyu ya zamani inaweza kuingizwa kwenye bloku ya menyu. Wijeti hazionekani tena, kwa hiyo kila kilichoko pembeni kiandike kwenye daftari kabla hujahama. Mipangilio ya Customizer haikufuati, na CSS ya ziada (maelekezo ya mwonekano) iliyoandikwa humo imefungwa kwenye ile themu, nayo inabaki. Cha hatari zaidi ni functions.php. Kama kijana aliweka humo fomu ya oda au kitu cha malipo, siku ukibadilisha themu kitu hicho kinanyamaza bila kukuaga. Lazima mtu alisome faili hilo mstari kwa mstari kwanza, na yanayotakiwa yahamishiwe kwenye plagini, yaani programu ndogo ya nyongeza isiyotegemea themu.

Kazi yote ifanyike kwenye nakala ya tovuti, si kwenye ile wanayoiona wateja, na bakapu iwe imechukuliwa na kuhifadhiwa nje ya seva. Wakati wa kubadilisha yenyewe, chagua siku za mbalamwezi, biashara ikiwa imepoa na mitumbwi imelala. Usikubali mtu aguse tovuti yako usiku wa kwanza wa giza.

Kuna ufundi mmoja utakaokufaa kuliko yote niliyosema. Bei usiiandike moja kwa moja kwenye sehemu ya juu. Iwekwe kwenye patani iliyounganishwa, yaani kipande cha bloku unachokitunza mahali pamoja na kukitumia popote. Ukikibadilisha pale, kinabadilika kote. Zamani ziliitwa bloku za kutumia tena, na tangu toleo la 6.3, Agosti 2023, zina jina hili jipya. Faida yake kwako ni hii: ule mhariri wa tovuti nzima unafunguka kwa msimamizi peke yake, lakini patani ya bei anaweza kuibadilisha hata binti yako wa dukani aliyepewa cheo cha Editor (cheo cha mtumiaji, si ile menyu ya Editor), bila kufika kwenye mitambo. Hata kwenye simu ni rahisi zaidi kufungua kipande kimoja kidogo kuliko kuburuza ukurasa mzima kwa kidole.

Na bloku za sehemu ya juu zifungwe kufuli. Uwezo huo upo tangu toleo la 6.0, na nauweka kwa kila mteja, kwa sababu uhuru wa kubadilisha kila kitu ni uhuru wa kufuta nembo kwa kidole kilichoteleza. Ikitokea, usilie: kiolezo, yaani mpangilio wa ukurasa, kina kitufe cha kukirudisha kilivyokuwa kwenye themu. Ila kinafuta mabadiliko yako yote ya kiolezo hicho, hivyo kiwe cha mwisho, baada ya kujaribu kurudi hatua moja moja nyuma.

SWALI: Mimi ni mwalimu, Nansio, Ukerewe. Natunza tovuti ya shule. Mwenzangu anasema bloku ni nzito na mtandao wetu huku ni wa kusuasua, ndiyo maana tumeweka plagini ya Classic Editor tuandike kwa ule ukurasa mweupe wa zamani. Tukiweka themu ya bloku tutalazimika kuachana nayo? Na wazazi watatumia bando zaidi?
*Mwalimu, Nansio*

JIBU: Mwalimu, mnachanganya vitu viwili, na mnachanganya pamoja na watu wengi. Kuna pa kuandikia, na kuna umbo la tovuti. Plagini mliyoweka inahusu pa kuandikia peke yake. Mnaweza kuwa na themu ya bloku na bado mkaandika makala kwa ukurasa wenu mweupe, ingawa yatakayokuja mapya hayatawafikia huko.

Kuhusu uzito, themu ya bloku hupakia mitindo ya bloku zilizotumika kwenye ukurasa husika tu. Themu nyingi za zamani hubeba faili zima la mitindo kila ukurasa, hata ukurasa wenye aya mbili. Kwa hiyo mzazi hapotezi kitu hapo. Anayemla bando ni picha za mahafali zilizotoka kwenye simu zikapakiwa zilivyo. WordPress inasaidia kiasi: tangu toleo la 5.3 picha inayozidi pikseli 2560 hupunguzwa, na tangu 5.5 picha za chini zinasubiri msomaji azifikie ndipo zipakie. Lakini picha yenye upana wa pikseli 1200 inatosha kabisa kwa mahafali. Zipunguzeni simuni kabla ya kupakia, mtaokoa na bando lenu wenyewe.

SWALI: Shikamoo fundi. Nasoma chuo hapa Mwanza, najifunza kutengeneza tovuti. Wenzangu wanasema PHP imekufa kwa wanaotengeneza themu, nijifunze bloku tu. Ni kweli?
*Mwanafunzi, Malimbe*

JIBU: Marahaba. Si kweli, mdogo wangu. WordPress yenyewe imeandikwa kwa PHP, na mji huu umejaa tovuti za mtindo wa zamani zinazohitaji mtu wa kuzisoma, kama ya mama hapo juu. Mkate wako wa kwanza uko huko.

Ila pa kuanzia pamebadilika. Themu ya bloku inahitaji mafaili mawili tu ili itambulike: style.css, na index.html ndani ya folda ya templates. Anza na hayo leo jioni. Kisha ongeza theme.json, ambamo unaorodhesha rangi, maandishi na nafasi mara moja, na tovuti nzima inazifuata. Ukishaizoea, panga kiolezo ndani ya mhariri wenyewe, halafu kwa plagini ya Create Block Theme toa kazi yako kama themu kamili uifungue usome kilichoandikwa ndani. Utaona HTML ya kawaida yenye maelezo yanayotaja kila bloku. PHP ifuate, kwa ajili ya plagini na mambo ya ndani, na JavaScript siku utakapotaka kuunda bloku yako mwenyewe.

Theme.json ikigoma, tafuta kwanza koma iliyozidi baada ya kitu cha mwisho kwenye orodha, au iliyosahaulika kati ya viwili. Wengi wanaoniletea kompyuta zao wakidhani themu imeharibika, koma ndiyo inayokuwa imewakwamisha.