Kabla ya kununua pampu ya insulini, hesabu mirija

Daktari akishasema pampu ya insulini, mashine ndogo inayovaliwa na kuingiza insulini mwilini mchana na usiku, itamfaa mgonjwa wa sukari, watu nyumbani huuliza kwanza bei ya mashine. Pampu mpya kule Marekani, kwa asiye na bima, huanzia kama dola 4,000. Kwa shilingi za Kenya ni zaidi ya nusu milioni, na hapo bado usafiri na forodha. Fedha hiyo ni nyingi, lakini huwa inapatikana: ndugu aliye Muscat akatoa, msikiti ukasaidia, jamaa wakachanga kwa M-Pesa, mashine ikaja. Kinachowashinda watu ni mwezi wa nne, mirija ikiisha na pampu ikarudi kabatini.

Kwa hiyo anza na hesabu ya vile vinavyotupwa.

Pampu ya mrija hutumia seti moja, yaani kanula (kijirija laini kinachoingia chini ya ngozi), gundi yake na mrija, kila baada ya siku 2 au 3, na kwa kawaida katriji, kichupa cha insulini kinachokaa ndani ya pampu, hubadilishwa pamoja nayo. Ukibadilisha kila siku 3, mwaka mzima unahitaji seti 122. Boksi huwa na seti 10, kwa hiyo kwa karatasi ni maboksi 13. Usipange 13. Hapa Mombasa, hasa kuanzia Desemba hadi Machi kaskazi inapovuma, jasho hung'oa gundi kabla ya siku ya tatu, na kanula nyingine hupinda siku ile ile inapowekwa. Panga maboksi 15 au 16, na katriji kwa idadi hiyo. Pampu isiyo na mrija, ile inayobandikwa mwilini nzima nzima, hutaka 10 kwa mwezi, na ikibanduka siku ya kwanza, insulini iliyomo ndani imepotea pamoja nayo.

Kisha insulini yenyewe. Tuseme mtu anatumia yuniti 40 kwa siku. Kwa mwezi ni 1,200, na chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Lakini mrija wa sentimita 60 hunywa takriban yuniti 10 kabla tone la kwanza halijatokea kwenye ncha, na ule wa sentimita 110 hunywa 15 au zaidi. Ukibadilisha mara 10 kwa mwezi, yuniti 100 hadi 150 zinaishia kwenye taka. Kama pampu unaivaa kiunoni na kanula iko tumboni, mrija mfupi unatosha. Wala usijaze katriji mpaka juu kwa sababu ina nafasi ya yuniti 300. Mtu huyu wa yuniti 40 anahitaji 120 za siku tatu, 10 za mrija na 10 za akiba: jumla 140.

Stripu za kupimia sukari husahaulika, na mara nyingi ndizo zinazokula fedha zaidi. Asiye na sensa, kile kifaa cha kubandika mwilini kinachopima sukari muda wote, na anatumia pampu hupima si chini ya mara 4 kwa siku, na 6 ni bora. Mara 6 ni stripu 180 kwa mwezi, karibu vichupa vinne vya 50. Sensa za siku 14 ni 26 kwa mwaka, na hata hapo stripu chache lazima zibaki ndani ya nyumba.

Andika hesabu hiyo kwenye daftari, kisha wapigie wauzaji wawili watatu. Uliza bei ya boksi likiwa limeshafika Mombasa, tarehe ya kuisha muda, na kama wanaweka akiba au wanaagiza baada ya wewe kulipa. Kama huoni fedha ya miezi 12 ya vifaa, ngoja kwanza. Sindano nne kwa siku, insulini ya muda mrefu mara moja na ya haraka kwa kila mlo, ni tiba kamili. Pampu inayosimama kila mwisho wa mwezi ni hatari kuliko kalamu ya insulini isiyokosekana.

Aina ya pampu nayo ina gharama yake. Baadhi ya kampuni zimetengeneza kiungio chao wenyewe kati ya mrija na katriji, kwa hiyo umefungwa kwao milele. Nyingine hutumia kiungio cha kuzungusha kinachopokea seti za watengenezaji mbalimbali, na hapo unaweza kutafuta penye bei nafuu. Angalia pia kama kampuni bado inaihudumia pampu hiyo. Johnson & Johnson walitangaza mwaka 2017 kwamba wanafunga biashara ya pampu za Animas, na watu wengi walibaki na mashine nzima zisizo na vifaa. Ukipewa pampu ya bure leo, tazama jina na modeli mgongoni kabla ya kusema asante.

Pampu iliyotumika ikija kutoka ng'ambo, kagua ufa karibu na kifuniko cha betri na mdomo wa katriji, maana hapo ndipo maji na jasho huingilia. Futa mipangilio yote ya mwenye nayo wa kwanza. Hili halina mjadala: dozi zake zinaweza kukuua usingizini. Kisha jaza katriji maji safi, iwekee yuniti 1 kwa saa, iache mezani usiku kucha bila kuunganishwa na mwili wa mtu, usikilize kama italalamika. Katriji na mrija wa jaribio hilo vitupwe. Ikifaulu, daktari ndiye wa kuweka dozi upya. Na kabla mzigo wowote haujatumwa, ongea na wakala wa forodha, kwa kuwa vifaa vya tiba vina kibali chake na mzigo uliokwama hulipiwa kila siku. Seti chache ndani ya begi la jamaa anayekuja likizo, zikiwa kwenye pakiti zake na barua ya daktari, ni jambo jingine.

Tukija kwenye bima: watu huomba pampu, wakakataliwa, wakaondoka. Omba vitu kimoja kimoja. Mashine mara nyingi huangukia kwenye kifungu cha vifaa visivyolipiwa, lakini insulini na stripu ni dawa na vipimo vya maradhi sugu, na huweza kupita kwenye kikomo cha wagonjwa wa nje. Bima ikibeba hivyo viwili, fedha yako ya mfukoni inabaki kwa seti. Kwa mashine yenyewe, barua ya daktari iwe na tarakimu: HbA1c za karibuni (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu), mara ngapi sukari imeshuka chini ya 3.9 mmol/L, mara ngapi umelazwa kwa ketoni (asidi inayojaa kwenye damu insulini ikikosekana), dozi za sasa, na idadi ya vifaa kwa mwezi. Barua inayosema tu "mgonjwa anahitaji pampu" hairudi na jibu zuri. Wakikataa, taka sababu kwa maandishi pamoja na kifungu cha mkataba, kisha kata rufaa. Kama bima ni ya mwajiri, ofisi ya wafanyakazi inaweza kuomba malipo ya hisani nje ya mkataba. Wengi hawajui kwamba njia hiyo ipo. Malalamiko yasiyosikilizwa hupelekwa kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima.

SHA, bima ya afya ya serikali, usiiache ilale hata kama haikununulii mrija mmoja. Hakikisha kwa *147# kwamba umesajiliwa na michango iko sawa. Kulazwa mara moja kwa ketoni kunaweza kumeza bajeti ya seti za miezi kadhaa.

Kwa watoto na vijana, ulizia kliniki ya sukari pale Coast General kuhusu mpango wa Changing Diabetes in Children, ambao umekuwa ukitoa insulini na stripu bure nchini. Jihadhari na jambo moja: insulini ya msaada si lazima iwe ya pampu. Insulatard na Mixtard, zile zenye rangi ya maziwa, haziingii kwenye pampu kamwe. Hata Actrapid, ingawa ni angavu, usiiweke kwenye pampu, kwa sababu inaweza kuganda na kuziba mrija.

Watu wakibanwa hubana pasipofaa, nako ni kuvaa kanula siku 5 au 6. Ngozi inavimba, insulini hainywewi vizuri, dozi inaongezwa, na ile seti uliyookoa imelipwa kwa insulini. Okoa kwenye gundi badala yake. Oga, usipake mafuta ya nazi wala losheni sehemu hiyo, kaa chini ya feni dakika 10 mpaka ngozi ikauke kabisa, ndipo ubandike. Kata plasta pana ya kemisti, itoboe tundu katikati, uizungushie juu ya gundi. Insulini itoe friji mapema kabla ya kujaza, kwa sababu ya baridi hutoa vipovu ikipata joto ndani ya mrija, na kipovu ni dozi isiyofika. Badilisha asubuhi au kabla ya chakula cha mchana, usibadilishe ukienda kulala. Pima baada ya saa 2. Kanula iliyopinda hujionyesha hapo.

Chupa iliyofunguliwa ni ya siku 28 kwenye joto lisilozidi nyuzi 30. Chumba cha mabati Kisauni mwezi wa Februari kinapita hapo. Stima ikipotea, chungu kilichozungushiwa mchanga mbichi husaidia, ingawa hewa yetu ya unyevu hukifanya kipoze kidogo kuliko bara. Usilaze chupa juu ya barafu, ikiganda imekwisha.

Mwisho ni mfuko wa dharura. Pampu haina insulini ya muda mrefu, kwa hiyo mrija ukiziba, ketoni zinaweza kuanza ndani ya saa chache. Ukipima sukari ukapata 14 mmol/L na zaidi mara mbili mfululizo, usiongeze dozi kwa pampu: piga kwa sindano, pima ketoni, badilisha seti. Ketoni zikipanda au ukianza kutapika, nenda hospitali bila kungoja. Ndani ya mfuko ziwepo sindano 5, chupa au kalamu ya insulini ya haraka, kalamu ya muda mrefu, stripu za ketoni, seti mbili, betri, na karatasi yenye dozi zako zote za pampu kwa mwandiko unaosomeka, pamoja na kiasi cha insulini ya muda mrefu ambacho daktari amekuandikia kwa siku pampu itakapokufa. Karatasi hiyo ibadilishwe kila dozi inapobadilishwa, na mtu mwingine nyumbani ajue mfuko unakaa wapi.